Risasi Mbili Kwenye Begi la Solange

Kila Ijumaa ya safari, gereji ya akina Daigle ilinuka petroli, soksi mbichi na kahawa ya Shangazi Bernadette. Clémence aliporudi kutoka shule alitupa mkoba wake kwenye ngazi, akavaa ovaroli, akaanza kazi bila kungoja kuambiwa. Alichomoa bitana za buti za wageni akazitundika juu ya jiko la kuni. Alipapasa mkanda wa kila pikipiki ya theluji kuona kama haukuwa na mpasuko. Chini ya kila kiti aliweka plagi za akiba, kamba, na kiberiti ndani ya mfuko usioingia maji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliifahamu kuliko hesabu za shule.

Baba yake, Réjean Daigle, alikuwa kiongozi wa misafara. Majira yote ya baridi aliwachukua wageni kutoka kijiji chao cha Petit-Ruisseau, upande wa jimbo la Maine, Marekani, akawavusha daraja la Mto Saint John hadi Kanada. Walilala kambini msituni na kurudi Jumapili. Baba alitangulia mbele akivuta tela la mizigo. Shangazi Bernadette, dada yake, alifunga msafara nyuma ili asipotee mtu. Safari hii Clémence naye alikuwa anakwenda, amekaa nyuma ya Shangazi.

Amekaa nyuma kama mzigo. Hilo ndilo lililomchoma. Pikipiki yake mwenyewe, ndogo ya njano aliyorithi kwa binamu yake, ilikuwa pale pale kwenye kona, imefunikwa turubai, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Baba. Kila alipopita karibu nayo, alimkumbuka Solange Lizotte, na meno yake yalibanana yenyewe.

Solange alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Siku moja mwezi wa Januari alimwomba pikipiki hiyo. "Nizunguke mara moja tu, Clémence. Usiwe mchoyo." Clémence akampa ufunguo. Solange alikawia, akarudi mashavu mekundu, akasema alifika mtoni akageuza. Kumbe alikuwa ameiacha njia, akakata ndani ya shamba la Mzee Onésime Hébert, akapita juu ya misonobari michanga ambayo mzee huyo aliilea miaka mingi ili aje kuiuza wakati wa Krismasi. Safu nzima ilivunjika.

Mzee Onésime alikuwa ameiona pikipiki ya njano kwa mbali. Kesho yake alikuja nyumbani kwa akina Daigle, hakuvua hata kofia. Alisema kwa miaka yote hiyo aliwaruhusu watu wapite kwenye ardhi yake bure, na malipo yake ndiyo hayo. Jioni hiyo akafunga mnyororo kwenye njia.

Clémence alisema kweli: aliyeendesha ni Solange. Baba akamwita Solange, akamuuliza mbele ya wote.

"Mimi?" Solange alimtazama machoni bila kupepesa. "Sijaigusa pikipiki yake, Mzee Réjean. Alikuwa peke yake."

Baba akamwambia binti yake, "Nani anasema kweli mimi sijui, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba pikipiki ni yako na ufunguo ulitoka mkononi mwako. Nipe."

Tangu siku hiyo shule nzima ilimwita Shoka. Akiingia darasani mtu alinong'ona, "Shoka huyo, ficheni miti!" na vicheko vikazagaa. Solange hakuwa akicheka kwa nguvu. Alikuwa akitabasamu kidogo tu huku akitazama daftari lake, na tabasamu hilo ndilo lililomuuma Clémence kuliko vicheko vyote. Alikula akiwaza kulipiza. Alitembea akiwaza kulipiza. Hakujua ni kwa njia gani, lakini siku ingekuja.

Sasa Solange alikuwa anakuja kwenye safari. Yeye na mama yake walikuwa wamejiandikisha, kwa sababu bibi yake Solange aliishi ng'ambo ya mto na alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa Jumamosi hiyo.

Saa kumi alasiri wageni walikusanyika gerejini na mizigo yao. Walikuwepo Curtis na Dwight, ndugu wawili wapiga soga kutoka Bangor. Walikuwepo pia Mama Solange na Solange mwenyewe, ambaye alikuwa na begi la zambarau. Baba aliwapanga kwenye benchi, akawakagua glavu na helmeti, akamrudisha Dwight nyumba ya wageni akabadilishe soksi za pamba.

"Pamba ikilowa, vidole vinakufa," alisema. "Sitaki kurudi na mtu mwenye vidole pungufu."

Kisha uso wake ukabadilika, mzaha ukaisha.

"Sasa la mpakani. Kila mtu pasipoti yake iwe kwenye mfuko wa kifua, si ndani ya begi. Tumbaku, nyama mbichi, matunda, acheni hapa. Na mniangalie wote: bunduki hapana, risasi hapana. Hata moja iliyosahaulika mfukoni tangu msimu wa kuwinda. Wakiikuta, mwenye begi havuki. Anawekwa ndani, anahojiwa, pikipiki inazuiwa, na jina lake linabaki kwenye kompyuta yao siku zote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mkuu," Curtis alijibu akipiga saluti.

Clémence alikuwa amesimama nyuma na tambara la mafuta mkononi. *Mwenye begi havuki.* Aliyasikia maneno hayo kana kwamba Baba ameyasema kwa ajili yake peke yake. Akamtazama Solange, aliyekuwa akichezea zipu ya begi lake la zambarau.

"Clémence," Baba aliita, "niletee kamba ya kufungia kutoka kabatini. Wageni, twendeni juu, Bibi Léonie amepika mchuzi wa kuku na hapendi kungojwa."

Wakapanda ngazi kwa kelele. Clémence akafungua kabati. Nyuma ya makoti kulikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa, kile anachovaa Shangazi akienda kuwinda kanga-pori majira ya majani kupukutika. Alipokisogeza aipate kamba, kitu kiligonga ubao wa kabati. Akatia mkono mfukoni. Risasi mbili za bunduki ya kuwindia, nyekundu, fupi, nzito kuliko alivyodhani.

Hakuwa amezitafuta. Lakini zilipokuwa kiganjani mwake, zilionekana kama jibu.

Juu jikoni Bibi Léonie, bibi yake Clémence, alikuwa akimkaripia Dwight kwa kutokula vya kutosha, na watu walikuwa wakicheka. Clémence akapiga magoti kando ya begi la zambarau. Akafungua zipu polepole, akapitisha mkono chini ya fulana na soksi, akazisukuma risasi hadi kwenye kimfuko cha chini kabisa. Akafunga. Alijiona akiwa darajani kesho yake: afisa akiinua risasi, Solange akisema "Si zangu! Naapa si zangu!" na hakuna mtu wa kumwamini. Aonje. Aonje japo siku moja ilivyo kusema kweli na kuitwa mwongo.

Akapeleka kamba juu, akala mchuzi bakuli mbili.

"Leo una hamu," Bibi Léonie alisema akimtazama.

"Kazi nyingi, Bibi."

Usiku ule alilala fofofo.

Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, pumzi zikiganda kwenye nyusi. Bibi Léonie aliwalisha ploye, chapati za maji za kwao, zilizotoka moto kwenye kikaango. Zile huiva upande mmoja tu bila kugeuzwa, na huliwa na siagi zikiwa zimekunjwa. Clémence alikuwa akimimina chai kwenye chupa za safari Solange alipopita nyuma yake akivaa helmeti.

"Angalia njia leo, Shoka," alisema kwa sauti ya kusikika. "Usije ukatuangushia na miti ya Kanada."

Curtis na Dwight, ambao hawakujua kisa, wakacheka kwa sababu wengine walitabasamu. Clémence akakaza kifuniko cha chupa mpaka kiganja kikauma. Cheka, akawaza. Cheka sasa hivi.

Nje, Mama Solange alikuwa akihangaika na pikipiki yake. Kichanja cha mizigo nyuma ya kiti kilikuwa kimelegea upande mmoja, na skrubu yake ilikuwa imekatika. Baba alikitikisa, akatikisa kichwa.

"Hiki hakibebi kitu. Nipe mabegi yenu, nitayaweka kwenye tela langu."

Akalichukua begi la zambarau, akalitupa ndani ya tela, akalifunika turubai na kuanza kukaza kamba.

Clémence alikimbia hadi pale.

"Baba, si abebe mwenyewe? Ana mgongo!"

Baba akageuka. "Unasema nini?"

"Kila mtu abebe mzigo wake. Ndivyo unavyosema siku zote."

"Clémence." Baba alishusha sauti. "Najua una kinyongo na huyu mtoto. Kiache hapa nyumbani. Huko njiani ni mgeni wangu, na mgeni wangu namtunza."

"Lakini wakikagua tela..."

"Wakague. Mizigo ya kwenye tela ni yangu mimi. Nitawaambia hivyo hivyo, kama ninavyowaambia kila safari. Panda kwa Shangazi, tunachelewa."

Akapanda. Pikipiki zikanguruma, moja baada ya nyingine, msafara ukatoka.

Njia iliteremka kuelekea kwa Mzee Onésime, na hapo mnyororo ulikuwa umekatiza njia, barafu ikining'inia juu yake, na ubao umeandikwa kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUPITA. Ilibidi wazunguke kwa barabara ya kiwanda cha mbao, ambako upepo wa mto uliwapiga ubavuni bila huruma. Kule ndani ya shamba Clémence aliona safu ya vigogo vifupi vilivyovunjika, vimefunikwa theluji nusu. Hasira ikampanda upya, moto kabisa. Ni yeye aliyefanya haya. Ni kwa sababu yake wageni wanaganda huku. Acha yampate.

Lakini kila tela lilipoyumba mbele kwenye kona, alilitazama. Alijaribu kujifariji. Pengine hawatakagua. Maafisa wanamjua Baba, humpungia tu mkono. Na wasipokagua, basi kisasi kimekwenda bure. Akajikuta hajui anaomba nini.

Walisimama kwenye kituo cha mafuta kabla ya daraja. Clémence aliteremka haraka, akaenda kwenye tela akajifanya anakaza kamba. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufungua fundo Curtis alipomjia na biskuti.

"Mtoto wa kazi huyu!" alisema. "Mkuu, binti yako hapumziki!"

Baba akaja, akalivuta fundo, akalikaza zaidi. "Limekaa vizuri. Nenda ukapashe mikono."

Walipokaribia daraja, Baba aliinua mkono na msafara ukasimama. Redio iliyoning'inia kifuani mwa Shangazi ikakoroma, na sauti ya Baba ikatoka imechangamka.

"Bernadette, leo wana mbwa. Kuna afisa mpya pia. Nitatangulia mimi na tela nimalize nao, ninyi mngoje ishara yangu."

"Sawa," Shangazi akajibu.

Clémence aliona mgongo wa Baba ukisogea peke yake kuelekea kwenye ukingo wa daraja ulioachiwa theluji kwa ajili ya pikipiki. Zaidi ya daraja kulikuwa na kibanda, bendera, na mtu aliyeshika mbwa. Baba yake alikuwa anakwenda kumwambia mtu yule, *mizigo hii ni yangu.* Na mbwa angenusa.

Solange hakuwamo kabisa katika picha ile. Alikuwa amekaa nyuma ya mama yake, salama, akitafuna biskuti.

Clémence alimpiga Shangazi mgongoni kwa ngumi zote mbili.

"Nini? Haja ndogo? Si umetoka kituoni sasa hivi?"

"Mwambie Baba asivuke!"

"Ala! Kwa nini?"

Clémence aliinama juu ya bega la Shangazi, akaidaka redio, akabonyeza.

"Baba, simama! Usivuke! Baba, tafadhali, nimeweka risasi kwenye tela!"

Pikipiki ya Baba ilisimama mita chache kabla ya daraja. Kisha Baba akazima injini, akashuka, akaanza kurudi kwa miguu. Alipovua helmeti uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umepauka, na hilo lilimtisha Clémence zaidi.

"Rudia," alisema.

"Risasi mbili. Kwenye begi la Solange. Niliziweka mimi jana."

Wote walikuwa wameshashuka. Baba aligeuza pikipiki yake, akalivuta tela hadi kituoni, akafungua turubai, akatoa begi la zambarau. "Mama Solange, kwa ruhusa yako," alisema, akatoa nguo moja moja hadi risasi nyekundu zikawa kiganjani mwake.

Shangazi Bernadette alishika mdomo. "Ni zangu hizo. Kizibao... Mungu wangu, nilizisahau kwenye kizibao."

"Hilo tutaongea mimi na wewe," Baba alisema.

Mama Solange alimvuta binti yake karibu. "Ulitaka binti yangu akamatwe? Mtoto mwenzako? Amekukosea nini?"

"Muulize yeye!" Clémence alipasuka. Machozi yalimtoka na kuganda mashavuni, naye hakujali. "Muulize nani alivunja miti ya Mzee Onésime! Niliitwa mwongo, nikanyang'anywa pikipiki yangu, naitwa Shoka kila siku, naye anacheka! Nilitaka naye aone!"

Baba akamgeukia Solange, akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Nilikuuliza mara moja. Nakuuliza tena, halafu sitakuuliza tena maishani. Ni wewe?"

Solange aliitazama mikono ya Baba yenye risasi. "Si mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya," Baba akasema, akasimama.

Akaziacha risasi kituoni, akampigia Bibi Léonie simu aje na gari. Clémence hakuvuka. Alisimama dirishani mwa kituo, akaona msafara ukiondoka bila yeye, begi la zambarau likiwa limerudishwa kwenye tela, limefungwa kwa mikono ile ile ya Baba. Baadaye alikuja kusikia kwamba Baba alikwenda moja kwa moja kwa afisa mpya, akamweleza kilichotokea na kumwomba afungue kila begi. Walikaa kwenye baridi muda mrefu sana. Hawakukuta kitu, wakawaruhusu.

Bibi Léonie alikuja na gari, wakaanza safari ya kurudi nyumbani.

"Mwongo ni yeye," Clémence alisema kwa kwikwi. "Na bado anakwenda kula keki kwa bibi yake. Mimi ndiye narudishwa. Ni haki hiyo, Bibi?"

"Jana ulikuwa na haki," Bibi Léonie alijibu bila kuondoa macho barabarani. "Mimi nilikuamini tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nangoja tu yule mtoto achoke kubeba uongo wake. Jana, kila mtu aliyekuita mwongo alikuwa na deni kwako. Leo umetoka na risasi mbili. Nani atakusikiliza sasa?"

"Kwa hiyo ningekaa kimya tu?"

"Ungepiga kelele! Ungekwenda kwa Mzee Onésime ukamwambia mara kumi. Ungeniburuta na mimi. Kusema si kulipiza, mjukuu wangu. Ulichofanya ni kuchimba shimo la mtu mwingine mahali anapopita baba yako."

Clémence alijifunika uso kwa glavu zake. Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Alikausha buti zilizobaki, akafagia gereji, akakaa mbele ya pikipiki yake iliyofunikwa. Hasira haikuondoka. Ilikuwa imekaa tu kifuani, haina tena pa kwenda, na kando yake kulikuwa na picha ya Baba akisogea peke yake kuelekea kwa yule mbwa.

Jumapili jioni alisikia ngurumo za pikipiki, lakini zilikuwa chache kuliko ilivyotakiwa. Shangazi Bernadette aliingia wa kwanza, akipiga theluji kwenye buti.

"Njoo nikuambie," alisema, akajiketisha kwenye benchi kwa uchovu. "Jana kutwa yule mtoto hakula, hata keki ya bibi yake. Usiku kambini glavu zake zililowa. Baba yako akatoa zile za akiba alizokufungashia wewe, akampa, akamwambia tu, 'Kausha zako.' Basi. Hakumsema, hakumtazama vibaya. Leo tumefika kwenye mnyororo wa Onésime, Curtis akaanza kulalamika, 'Nani mjinga aliyefunga njia hii?' Solange akamgonga mama yake asimamishe. Akashuka, akaruka mnyororo, akaenda kwa miguu mpaka mlangoni kwa mzee. Mama yake akamkimbilia. Baba yako yuko huko nao."

Clémence alisimama na fagio mkononi. Huu ndio ulikuwa wakati alioungoja tangu Januari. Alikuwa na maneno tayari, aliyarudiarudia kitandani kama sala. *Nani Shoka sasa? Sema kwa nguvu, hawakusikii.*

Mlango ulifunguliwa. Solange alisimama kizingitini, macho yamevimba, amevaa glavu za Clémence. Nyuma yake Baba, na nyuma ya Baba mama yake. Hakuna aliyemsaidia.

"Ni mimi," Solange alisema. "Nimemwambia Mzee Onésime. Kesho nitasema darasani. Niliogopa, halafu nikishasema siku ya kwanza nikashindwa kurudi nyuma. Na walipokuita jina lile nilifurahi, kwa sababu hawakuwa wananitazama mimi."

Maneno yalikuwa ulimini mwa Clémence. Alimtazama Solange, baridi ikiingia mlangoni na kuzima joto la jiko. Akayameza. Hayakuwa matamu kuyameza.

"Ingia basi," alisema. "Unatuletea theluji ndani."

Solange akaingia. Clémence akafunga mlango, akaendelea kuushika mpini kwa muda.

"Zile risasi," alisema akiutazama ubao. "Nilitaka ukamatwe kweli. Haikuwa mzaha. Samahani."

"Ningezimia," Solange alisema.

"Nilijua. Ndiyo maana nilifanya."

Hawakukumbatiana. Shangazi aliwapa kahawa yenye maziwa mengi, wakaketi ncha mbili za benchi moja.

Kesho yake Solange alisema darasani, na wiki hiyo jina Shoka lilianza kusahaulika, japo wakorofi wawili walijaribu kumhamishia Solange. Clémence aliwakatiza: "Jina hilo limekufa. Tafuteni kazi." Mzee Onésime alifungua mnyororo kwa sharti moja, kwamba kila Jumamosi wasichana wote wawili waje kukung'uta theluji kwenye misonobari iliyopona ili matawi yasivunjike, na masika waje kupanda mipya. Mama Solange alilipa gharama ya ile iliyovunjika.

Baba hakurudisha ufunguo wa pikipiki ya njano. "Ufunguo niliouchukua kwa ajili ya miti ungekuwa wako leo," alimwambia Clémence walipokuwa wawili tu gerejini, wakifungua tela. "Sasa nimeushika kwa ajili ya risasi. Utaupata theluji ya mwaka ujao."

"Sawa, Baba."

"Mimi nami nilikosea. Ulinieleza kweli, nikajificha nyuma ya 'sikuwepo' kwa sababu ilikuwa rahisi. Ningekwenda shambani nikazifuata alama za pikipiki, pengine ningeona alama za buti za aliyeendesha. Nisamehe."

Clémence hakuwahi kusikia neno hilo kwa baba yake. Alikunja turubai, akalikunja tena.

"Ningekamatwa darajani," Baba aliendelea, "ningesema risasi ni zangu. Unajua hilo? Nisingejua zimetoka wapi, lakini nilishasema mizigo ni yangu. Kibali changu kingekwenda, na msimu ungeishia pale. Na Solange angekuwa amekaa pale pale, akitafuna biskuti." Akaegemea tela. "Mtu akikudhulumu, mwanangu, paza sauti, tafuta mashahidi, sumbua wakubwa mpaka wakusikilize. Sisi wakubwa tunastahili kusumbuliwa. Lakini ubaya usiutume kwa siri. Ukishautoa mkononi, hauulizi njia, humpata aliye karibu. Na mara nyingi aliye karibu ni mtu wako."

Clémence aliinamisha kichwa. "Nimesikia."

"Vizuri. Ijumaa kuna kundi jingine, watu wanane kutoka pwani. Mabegi yao yote utayafungua wewe, moja moja, mbele yao, kabla sijayafunga."

"Mimi?" Clémence aliinua macho. "Baada ya haya yote?"

"Hasa wewe," Baba alisema, akamrushia kamba aikunje. "Unajua mtu mwenye hasira huficha wapi."